Njia ya Viazi na Vyungu

Mwezi wa Desemba mtu anaweza kuamka Bulongwa akiwa amejifunika mablanketi mawili, akatembea kwa miguu mchana kutwa, na jioni ya siku hiyohiyo akaoga Matema, kwenye maji ya vuguvugu ya Ziwa Nyasa. Asubuhi atakula viazi mviringo vilivyochimbwa nyuma ya nyumba. Usiku atakula wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa, huku jasho likimtoka. Kati ya milo hiyo miwili hakuna lami wala kituo cha basi. Ipo njia ya miguu inayovuka Milima ya Livingstone, na watu wanaoitumia tangu enzi za mababu zao hawajawahi kuihesabu kuwa utalii.

Kwangu mimi, katika safari za siku moja ambazo Mtanzania anaweza kuzifanya akiwa likizoni bila kuvuka mpaka, sijaona inayoizidi hii. Nasema hivyo nikijua uzuri wa Lushoto, wa Uluguru na wa miteremko ya Meru.

Bulongwa iko wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, katika nchi ya Wakinga. Matema iko wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa. Ukiziangalia kwenye ramani utadhani ni vijiji vya kutembeleana baada ya chakula cha mchana. Kwa gari mambo ni mengine: inabidi uizunguke milima yote, utokee Isyonje, uteremke Tukuyu hadi bonde la Kyela, kisha ukate tena kuelekea mashariki mpaka chini ya ukuta uleule uliouacha juu.

Ukuta huo ni kazi ya Bonde la Ufa. Hapa ardhi ilipasuka. Upande mmoja ukazama na kujaa maji, upande wa pili ukabaki juu. Uso wa ziwa uko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali migongo ya milima inapita mita 2,000. Na mteremko haukomi ufukweni. Unaendelea kushuka ndani ya ziwa, ambalo mahali penye kina kirefu kuliko pote hufikia takriban mita 700. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwambao huu wa mashariki haina ufuko: mwamba unaingia majini moja kwa moja. Matema imejaliwa mchanga kwa sababu ipo pale ukuta unapoliacha ziwa na bonde la Kyela linapoanza.

Jina la Livingstone lilikuja kwa meli. David Livingstone alilifikia ziwa hili mwaka 1859 akitokea kusini, lakini hakuwahi kufika upande wake wa kaskazini. Mwaka 1875, miaka miwili baada ya kifo chake, E. D. Young wa misheni ya Livingstonia alilizunguka ziwa kwa meli ndogo ya Ilala, akaona milima hii ikiinuka kutoka majini, akaipa jina la marehemu. Miaka miwili baadaye Frederic Elton, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza kule Msumbiji, alipanda kutoka ziwani na kuvuka nyanda za juu akielekea Ugogo, ambako alifariki mwaka huohuo wa 1877. Kwa muda mrefu ramani za Wazungu ziliita uwanda wa Kitulo kwa jina lake. Hakuna hata mmoja wao aliyefyeka njia. Waliikuta imekwishakanyagwa.

Kabla ya kushuka, inafaa kulala usiku mmoja au zaidi katika nyanda hizo za juu, kwa kuwa Kitulo ni nusu ya habari yenyewe. Ukitokea barabara kuu ya Mbeya, unaweza kupandia Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ambayo madereva wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Kila kona inakuinua, bonde la Usangu linazidi kupanuka chini yako, na masikio yanaziba na kuzibuka. Ukifika juu unakutana na kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa kukitarajia Tanzania: uwanda wa majani usio na miti, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, wenye ukungu wa asubuhi, na baridi ambayo mwezi wa Juni na Julai huleta sakitu.

Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 413, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Zamani sehemu ya uwanda huu ilikuwa shamba la kondoo wa sufu, baadaye ng'ombe wa maziwa na ngano. Udongo wake umerutubishwa na majivu ya volkano ya Mlima Rungwe. Kuanzia Novemba mvua zinaponyesha, ardhi inafunguka: okidi, mayungiyungi, maua jamii ya daisi, na yale marefu mekundu na ya njano yanayosimama wima katikati ya majani kama mienge iliyochomekwa kwa ajili ya sherehe. Zimehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake okidi zinazoota ardhini ni aina 45. Mbayuwayu buluu, ndege adimu sana duniani, huja kuzaa hapa msimu huo. Tandawala hutembea taratibu kwenye majani bila haraka yoyote.

Okidi zinataka mtu apige magoti. Ukiwa umesimama unaona doa la waridi tu. Ukiinama unaona kwamba lile doa ni maua madogo ishirini au thelathini yaliyopangana kwenye bua moja, kila moja na mdomo wake na kifuko chake cha utomvu mtamu, kikielekezwa kwa mdudu maalumu. Chini ya ardhi mmea huo una viazi viwili vidogo, kimoja cha mwaka uliopita na kimoja cha mwaka ujao. Viazi hivyo ndivyo vilivyoiletea okidi balaa. Zambia vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana, na okidi za kule zilipopungua, wanunuzi waligeukia nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitaja mamilioni ya viazi vinavyovushwa mpakani kila mwaka. Kuchimba kiazi ni kuung'oa mmea wote. Na okidi haipandwi upya kirahisi, kwa kuwa mbegu yake ni vumbi jepesi lisilo na akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake udongoni. Aliyechimba uwanda mzima kwa msimu mmoja hana la kuurudishia. Tangazo la mwaka 2005 lilikuja kwa wakati, na naomba kila anayelipa kiingilio pale getini ajue kwamba anachangia kitu chenye maana. Kiingilio cha raia, kwa wasiojua, ni cha chini sana kuliko cha mgeni kutoka nje.

Ndani ya msitu unaoshikana na hifadhi hiyo kuna nyani aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja muda mrefu, na baadhi ya watafiti walidhani ni hadithi. Mwaka 2003 akaonekana kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, mwaka uliofuata timu nyingine ikamkuta Udzungwa, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu. Uchunguzi wa vinasaba ulipokamilika, wanasayansi waliona hafai kuwekwa katika jenasi yoyote iliyokuwapo, wakamfungulia ya kwake, Rungwecebus. Nyani wa Afrika kupewa jenasi mpya ni jambo lililokuwa halijatokea tangu mwaka 1923. Hesabu ya kwanza ilipata kama 1,100 tu. Sikumwona. Aliyeishi msituni miaka yote hiyo bila wasomi kumwamini hana sababu ya kujitokeza kwa mtu wa likizo.

Tuliondoka Bulongwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka. Mvua za Desemba upande huu hupenda kuanza mchana, na radi ikikukuta kwenye mgongo wa mlima huna pa kujificha. Kijana aliyetuongoza tulipatana naye bei usiku uliotangulia, mbele ya mwenyeji wetu, na huo ndio utaratibu ninaomshauri kila mtu aufuate. Njia ina matawi mengi: hii inakwenda shambani, hii kisimani, hii kwenye kijiji kingine kabisa. Mgeni asiye na kiongozi atapotea kabla ya kifungua kinywa.

Saa za kwanza ni za mashamba. Viazi, ngano, mahindi yanayokomaa polepole kwa ajili ya baridi, pareto yenye maua meupe, na misindano iliyopandwa kwenye kila kilima kisicho na kazi nyingine. Moshi unatoka kwenye mapaa ya bati. Tulipita makaburi mengi kando ya nyumba. Makete iliumizwa na UKIMWI kuliko wilaya nyingi nchini. Kwa miaka kadhaa hospitali ya Kilutheri ya Bulongwa ilibeba mzigo ambao hospitali ya kijijini haikujengwa kuubeba, na bibi wengi walilea wajukuu peke yao. Watoto wale sasa ni watu wazima. Kijana wetu alitaja jambo hilo mwenyewe, kwa sentensi mbili, kisha akaturudisha kwenye habari ya bei ya viazi.

Njia inashuka kwenye kijito, inapanda, inashuka kwenye kijito kingine. Madaraja ni magogo mawili yaliyolazwa pamoja. Mabonde yenye unyevu yana mianzi, na msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, kwa hiyo ukipita karibu na kijiji utasikia vicheko mapema kuliko ulivyotarajia.

Tulikutana na akina mama wanne waliokuwa wamepumzika kwenye bega la mlima, magunia yao yameegemezwa kwenye ukingo wa njia kwa namna ambayo mtu anaweza kujitwisha tena bila kusaidiwa. Ngata zao walikuwa wamezivua na kuziweka mapajani.

"Shikamooni mama."

"Marahaba wanangu. Mnashuka Matema?"

"Tunashuka."

"Na mizigo yenu iko wapi?"

Swali lile halikuwa la utani. Aliuliza kwa mshangao wa kweli mtu kushuka mlima wote ule bila kitu cha kuuza. Dada yangu, niliyefuatana naye, alimwambia tuko likizo, tunataka kuona. Mama akafikiri kidogo, akasema kuona ni vizuri, ila tuwaambie watu wa Dar kwamba viazi vya huku havipati bei.

Basi nimewaambia.

Swali lake ndilo linaloieleza njia hii kuliko mandhari yoyote. Juu kuna baridi, viazi na mbao. Chini kuna joto, mpunga, ndizi, kakao, mawese na samaki. Kila upande una kile ambacho mwenzake hana, na kati yao kuna ukuta. Kabla ya viazi kulikuwa na chuma. Wakinga walikuwa wahunzi, na majembe na mikuki yao ilishuka milimani kwenda kwa Wanyakyusa, waliokuwa na chakula kingi lakini hawakuwa wahunzi mashuhuri. Wanawake wa Kikisi wa kando ya ziwa walitoa vyungu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya biashara hiyo, na pia juu ya masimulizi ya watawala wa Unyakyusa kwamba wahenga wao walishuka kutoka milima hiyohiyo ya Ukinga. Kwa hiyo njia hii imepitisha majembe, watawala, vyungu, wachumba na wagonjwa. Mimi na wewe tunaotembea kwa ajili ya kufurahisha macho ndio wageni wa karibuni kabisa.

Anayejua hivyo atatembea kwa adabu. Ukikutana na mtu mwenye mzigo, wewe usiye na mzigo ndiye unayesimama. Simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo, mwachie njia, na umwambie pole na mzigo. Usipige picha bila kuomba. Na kama umebeba maji mengi kuliko unavyohitaji, hutakosa wa kumgawia.

Wakinga, kama kila mfanyabiashara wa Kariakoo anavyojua, ni watu waliopeleka ujuzi wao wa biashara mbali sana na Makete. Nadhani ukuta huu umechangia. Mtu aliyezoea tangu utotoni kubeba bidhaa siku nzima mpaka mahali zinapotakiwa hashindwi kupanga fremu mjini.

Halafu unafika ukingoni.

Hakuna kibao. Njia inapanda kwa muda kati ya vichaka na majani marefu, inapenya kwenye upenyo kati ya vilele viwili, na ardhi iliyokuwa mbele yako inakwisha. Chini, mbali mno kuliko akili inavyokubali mara ya kwanza, kuna ziwa. Kushoto, safu ya milima inaendelea kusini mashariki, mgongo nyuma ya mgongo, kila mmoja ukiteremka majini bila kubakisha hata nafasi ya nyumba. Kulia liko bonde la Kyela, tambarare, la kijani kibichi, limekatwa na mito inayojipinda kabla ya kuingia ziwani, na juu ya bonde hilo anasimama Rungwe, mara nyingi akiwa amefunikwa kichwa na mawingu. Ng'ambo ni milima ya Malawi. Siku nyingine, juu ya maji, utaona nguzo za moshi zisizotoka kwenye moto wowote. Ni wadudu wadogo sana ambao viluwiluwi vyao huishi ziwani, kisha hutoka kwa pamoja kwa mamilioni kwenda kupandana angani. Upepo ukiwaleta ufukweni watu wa Malawi huwakusanya, huwaponda na kuwafanya vitafunio.

Tulikaa pale muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Kijana wetu, ambaye ameona jambo hilo mara nyingi, naye alikaa akiangalia. Alituonyesha Matema: mstari mwembamba wa rangi ya mchanga, na nukta za bati. Dada yangu akauliza ni saa ngapi kutoka pale. Akasema inategemea magoti.

Ukweli wa safari hii uko kwenye mteremko. Watu wa mjini huogopa kupanda, na kupanda kunatoa jasho tu. Kushuka zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo mmoja ndiko kunakoumiza, kwa sababu kila hatua musuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki: unajikaza wakati uleule unaporefushwa, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na kesho kutwa, unaposhindwa kuketi kwenye kiti bila kushika meza. Fimbo ya mwanzi inasaidia kweli, na kijana wetu alitukatia kila mtu yake. Hatua fupi, magoti yamelegea, macho kwenye udongo. Ukitaka kuangalia ziwa, simama kwanza. Wenyeji wanapita wakiwa wamevaa katambuga au gambuti, kwa mwendo wa karibu na kukimbia, na kamwe hawatui kisigino kwa nguvu.

Joto linaongezeka kwa namna ya kuhesabika. Kwa wastani hewa hupata joto kwa nyuzi sita na nusu hivi kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo kati ya ukingo na ufuko unapokea nyuzi kumi na zaidi ndani ya mchana mmoja. Sweta linakwenda kwenye begi, kisha fulana inalowa. Mimea nayo inabadilika. Vichaka vya baridi vinabaki juu, unaingia kwenye msitu wenye mizizi inayokatiza njia, kisha miti ya miombo yenye majani mepesi yanayopitisha jua, na mwishowe mgomba wa kwanza. Salamu pia zinabadilika: juu mliambiwa kamwene, huku chini mnaanza kusikia ugonile, na kijana wetu alijibu zote mbili bila kupunguza mwendo.

Kuna sehemu za njia zilizonihuzunisha, na lazima niziseme. Wazee waliochora njia hii waliipindisha kwenye mteremko mkali, kona baada ya kona, ili aliyebeba mzigo apumue na maji ya mvua yasipate mbio. Vijana wenye haraka, na watalii wasiojua, hukata kona kwa kushuka moja kwa moja. Mkato mmoja ukishakanyagwa, maji hufuata hapohapo, na kwa kuwa Kyela na miteremko yake hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi, msimu mmoja unatosha kuugeuza mkato kuwa korongo lenye kina cha kiuno. Tulipita mahali ambapo njia ya zamani imeanguka kabisa na watu wanajishikilia kwenye majani. Dawa yake haihitaji mkopo. Ni mawe yaliyopangwa kimshazari kukatiza njia ili maji yatoke pembeni, ni matawi ya miiba kuziba mikato, ni msaragambo wa siku chache kila mwaka kabla ya mvua, na malipo ya haki kwa wanaoufanya. Halmashauri za Makete na Kyela zikikubaliana kuitunza njia hii kama zinavyotunza barabara za magari, atakayefaidika wa kwanza ni yule mama mwenye gunia. Mtembezi wa likizo atafaidika baada yake, na huo ndio mpangilio sahihi.

Sitaki kujengwe hoteli pale ukingoni. Nataka njia ipitike.

Kwa anayepanga kwenda, maneno machache. Juni hadi Oktoba njia ni kavu na anga ni safi, lakini Kitulo haina maua na usiku wa Makete unauma. Desemba hadi Aprili maua yapo na matope yapo. Mimi nachagua mwanzo wa mvua. Vaa viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuuzoea mguu. Beba koti la mvua, kofia, chakula cha mchana na maji ya kutosha mtu anayetoka jasho. Mbu hawakusumbui Bulongwa, lakini Matema ni nchi ya malaria, kwa hiyo panga chandarua na kinga kabla hujaondoka nyumbani. Mzigo mkubwa usiubebe. Kama ni lazima, mlipe mtu, na umlipe vizuri. Kiongozi wako hatarudi usiku ule, kwa hiyo malazi na chakula chake ni juu yako.

Njia inaishia kwenye migomba na mikakao. Watoto wanakuja kukuangalia unavyotembea, maana kila aliyeshuka mlima kwa mara ya kwanza anatembea namna hiyohiyo. Jua la jioni linazama upande wa pili wa ziwa na kuupiga ukuta ulioushuka, kwa hiyo unaweza kukaa majini na kuifuata njia yako kwa macho, bega kwa bega, mpaka kwenye upenyo. Asubuhi mambo hugeuka: milima inalizuia jua, na Matema hukaa kivulini muda mrefu wakati ng'ambo ya ziwa kumekwisha kucha.

Ukiweza, shuka siku ya Ijumaa. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema kwa kufuata ufuko. Vyungu vinatoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi vilivyobanwa kati ya mlima na maji, vinakuja kwa mitumbwi, vimepangwa kwenye matenga na kutengwa kwa majani makavu visigongane. Wafinyanzi ni wanawake. Hawatumii gurudumu, chungu kinapandishwa kwa mikono, kinalainishwa kwa kokoto, kinachomwa kwenye moto wa wazi. Kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba ukikishika mara ya kwanza unaogopa.

Bibi mmoja alinifundisha kuchagua. Chungu hushikwa kwa mdomo kwa vidole vya mkono mmoja, kinagongwa ubavuni kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Kizima kinalia na sauti inakaa. Chenye ufa, hata usioonekana, kinajibu kwa sauti fupi iliyokufa. Aligonga vitatu, akaviweka kando viwili vyake mwenyewe, akanipa cha tatu. Nililipa bei aliyoitaja. Kuna wanaosema mgeni lazima apunguziwe. Mimi nilikuwa nimeona njia inayofika pale, na nilijua gharama ya kukifikisha kitu sokoni.

Alikifunga kwa majani ya mgomba na kamba, akanieleza jinsi ya kukianza. Siku ya kwanza usikipikie mchuzi. Kijaze maji, kilaze usiku, asubuhi chemshia uji mwepesi kwa moto mdogo mpaka uji uingie kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Umwage huo. Siku inayofuata pika maharage, na hapo, alisema, utanikumbuka.